Forodhani Gatumba, mafunzo yatangulie mashine

Magharibi ya Bujumbura, ukishavuka daraja la Rusizi, barabara inakufikisha Gatumba, na mbele kidogo ni mpaka wa Kongo. Ng'ambo ni Kavimvira, kisha Uvira. Hapa watu wanakula kwa mpaka: wauza nyanya na vitunguu, wanaorudi na vitenge na mafuta ya mawese, wabadilisha fedha wenye mabunda ya faranga za nchi mbili, wapagazi, waendesha baiskeli, na mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani. Ukiwatajia akili mnemba, wengi watadhani unazungumzia Nairobi au Ulaya. Ukweli ni kwamba uamuzi wa mashine ulishaingia katika kazi zao muda mrefu.

Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, inatumia programu ya forodha iitwayo Sydonia, iliyoanza kutengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, mapema miaka ya 1980. Leo inatumika katika nchi zipatazo 100. Wakala anajaza tamko la mzigo: namba ya bidhaa, thamani, uzito, nchi inakotoka. Akishatuma, programu inapima hatari na kuupangia mzigo moja ya njia nne. Ukipata kijani, unaondoka. Bluu, unaondoka lakini hesabu zako zitafuatiliwa baadaye. Njano, karatasi zinakaguliwa kwanza. Nyekundu, mzigo unafunguliwa mbele ya ofisa, na kama ulibeba kitu kinachooza, kila saa ni hasara. Vigezo vya kupanga njia hizo vimewekwa na binadamu, lakini mwenye mzigo haonyeshwi vigezo. Anaambiwa rangi tu.

Hatua inayofuata imeshaanza kwingineko. Mwaka 2019 Shirika la Forodha Duniani lilianzisha mradi wa BACUDA, unaofundisha kompyuta kusoma takwimu za forodha, kunusa udanganyifu na kupendekeza namba ya bidhaa kutokana na maelezo yake. Kupanga namba ndiyo kazi ya kila siku ya wakala. Chukua kitenge. Cha pamba kimo sura ya 52 ya orodha ya kimataifa ya bidhaa. Cha nyuzi za polyester kimo sura ya 54 au ya 55. Kwa macho vinafanana, maua yale yale, rangi zile zile. Wakala mzoefu anafikicha pindo kwa vidole, anavuta uzi, anajua. Kompyuta inasoma kilichoandikwa kwenye ankara, na kama ankara imeandika "kitambaa" basi, inabahatisha kwa kufuata mizigo iliyopita. Kwa hiyo mwenye ujuzi wa vidole bado ana kazi, mradi ajue pia kuikosoa kompyuta kwa lugha inayoeleweka na ofisa. Aliye hatarini kwanza ni kijana anayelipwa kunakili ankara kwenye fomu. Kunakili ndiko mashine inakokuweza kuliko kitu kingine chochote, na kijana huyo mara nyingi ndiye aliyesomeshwa kwa taabu kuliko wote nyumbani kwao.

Tukichelewa kuzungumza naye, mfano tunao jirani. Kericho, Kenya, mashine za kuchuma chai zilienea mashambani huku wachumaji wakihesabu siku za kazi zikipungua. Mjumbe mmoja wa kikosi kazi cha kaunti alisema kwamba ajira 30,000 zilikuwa zimepotea humo ndani ya miaka kumi. Mei 2023 waandamanaji wakachoma mashine, na watu wakaumia. Mjadala wa uwiano wa mashine na mikono ulikuwa umeanza, lakini kwa kuchelewa. Kikosi kazi kilikuwa kimependekeza 60 za mashine kwa 40 za mikono mapema mwaka huo huo. Nasikitika kila nikifikiria mpangilio huo wa matukio, kwa sababu hakuna kitu katika pendekezo lile ambacho kisingeweza kujadiliwa miaka mingi kabla ya moto.

Mafunzo ninayoyataka Gatumba hayafanani na semina ya siku moja katika hoteli ya Bujumbura, kwa Kifaransa, yenye posho na cheti. Yafanyike mpakani, kwa Kirundi na Kiswahili, na yachukue miezi. Vijana wa mawakala wafundishwe kukagua namba iliyopendekezwa na kompyuta, kulinganisha thamani na bei halisi ya soko la Uvira, na kuandika pingamizi. Wabadilisha fedha na wapagazi nao waitwe, maana malipo ya simu yameshagusa kazi ya kundi la kwanza. Tena kila mpango uhesabu maji: Rusizi ilipofurika mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu wa Gatumba walihama nyumba zao, na mafuriko yakarudi miaka iliyofuata. Chumba cha kompyuta kwenye kiwanja cha bondeni ni fedha iliyotupwa. Umeme nao si wa kutegemea, kwa hiyo simu na vitabu vya karatasi vitafika mbali kuliko maabara.

Kuna mambo ambayo OBR na wenzao wa Kongo wanaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili. Mashine hizi hujifunza kwa kumbukumbu, na mwanamke anayevusha beseni la ndagala, yaani dagaa, hayumo katika kumbukumbu hizo. Mzigo wake ukiunganishwa na wa wenzake chini ya namba ya mlipa kodi ya mtu mwingine, historia yake njema inahesabiwa kwa huyo mwingine. Na huyo akikosea, mwanamke ndiye anayepata nyekundu. Jumuiya ya Afrika Mashariki inao utaratibu rahisi kwa bidhaa za asili ya nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000, na Kongo imekuwa mwanachama tangu 2022. Mamlaka za pande zote mbili zikubaliane kuutumia kikamilifu hapa Gatumba na Kavimvira, kila fomu iandikwe jina la mwenye beseni, na anayepewa njia nyekundu apewe pia karatasi yenye sababu, kwa lugha anayoisoma, pamoja na jina la ofisa wa kumwendea siku hiyo hiyo.