Verdicchio: Divai ya Zabibu Zilizosubiri, Lakini Isiyo Tamu

Mahujaji waendao Loreto, katika mkoa wa Marche nchini Italia, husali katika Nyumba Takatifu ya Bikira Maria, mahali palipoipa jina Litania ya Loreto, iliyoidhinishwa na Papa Sisto V mwaka 1587. Vilima visivyo mbali na hapo hutoa divai nyeupe iitwayo Verdicchio. Baadhi ya wakulima huchelewa kuvuna zabibu zake, na wengi wetu tukisikia hivyo hudhani kwamba divai hiyo ni tamu na nyepesi kama maji ya matunda. Dhana hiyo yaweza kumponza mtu, na yafaa tuisahihishe.

Kadiri zabibu inavyoiva, sukari yake huongezeka na uchachu wake hupungua. Zabibu nyingi zikicheleweshwa mno hutoa divai iliyopooza. Verdicchio ina uchachu mwingi kwa asili yake, ndiyo maana katika eneo la Castelli di Jesi yaweza kuachwa shambani hata Oktoba. Subira hiyo ina gharama, kwani mvua za siku chache zaweza kuozesha matumaini ya mwaka mzima.

Zabibu zikisha kukamuliwa, hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Ikizuiwa mapema, utamu hubaki. Ikiachwa imalize kazi yake, utamu hutoweka, na divai huitwa kavu. Hivyo sukari nyingi shambani huwa kileo kingi katika chupa, pengine asilimia 13 au 14. Utamu umekwenda, nguvu imebaki.

Divai hii huacha mdomoni ladha ya uchungu kidogo, mithili ya lozi. Watu wa Ancona huinywa pamoja na brodetto, yaani mchuzi wa samaki wa aina nyingi, au samaki wa Norwe aliyekaushwa kwa upepo, kisha akapikwa kwa viazi, nyanya na mafuta ya zeituni. Uchachu wake hukata mafuta na kuusafisha ulimi. Ile ya mavuno ya mwisho, kwa kuwa ni nzito zaidi, hustahimili hata nyama ya sungura iliyopikwa kwa shamari. Haipatani na pilipili kali, kwa sababu kileo huzidisha mwako wake. Wala na keki, kwa maana mbele ya sukari divai kavu huonekana chungu. Hunywewa ikiwa baridi kiasi, bila kugandishwa.

Kanisa halikidharau kinywaji hiki: Kanuni ya 924 yadai kwamba divai ya Ekaristi iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Lakini Katekisimu, katika namba 2290, yatukumbusha kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kupindukia katika chakula na vileo. Basi tunapoandaa meza ya jubilei au ya upadrisho, tumweleze mgeni nguvu ya kilichomo katika glasi. Na anayekataa, tusimshurutishe wala kumdadisi. Huenda kwa miaka mingi anapigana vita tusivyoviona. Tumwekee maji au maji ya matunda kwa heshima ileile, ili meza yetu isiwe kikwazo kwa ndugu yeyote.