Mkono wa Idi na Utoke Katika Mikono ya Wenyewe

Kila sikukuu inapokaribia, Darajani kwa upande wa Unguja, na Chake Chake, Wete na Mkoani kwa upande wa Pemba, hufurika watu wanaotafuta nguo, kofia na zawadi. Ni ada njema ya visiwa vyetu kwamba mwenye nacho humkumbuka asiye nacho, na kwamba hapana mtoto anayetoka kwa jamaa zake siku hiyo bila ya kupewa mkono wa Idi. Ada hiyo na idumu. Lakini lipo swali moja ambalo tunaona wakati wake umefika: fedha zote hizo tunazozitoa kwa ukarimu, hatimaye huishia mikononi mwa nani?

Mtu akipita madukani atajionea jawabu kwa macho yake. Kofia zilizopangwa mbele, nyingi zimetariziwa kwa mashine nchi za nje. Misala ni ya nailoni, mikeka ni ya plastiki, na hata halua, ambayo wazee wetu walizoea kuitia katika vikapu vidogo vya ukili, sasa hutiwa kopo la plastiki. Hatusemi kwamba biashara ya bidhaa za nje ni kosa. Visiwa hivi vimeishi kwa biashara tangu zama za majahazi ya msimu. Tunalosema ni kwamba si haki mgeni akae kitini na mwenyeji asimame mlangoni.

Na tuitazame kofia ya kiua. Hukatwa katika kitambaa cheupe, kipande cha duara cha juu na kipande kirefu cha ubavuni. Nakshi huchorwa kwanza, kisha kila kiua hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka kofia nzima ienee. Kazi hiyo hufanywa zaidi na wanawake, majumbani mwao, baada ya shamba na jiko, na kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki nyingi, pengine miezi. Ikishakwisha hufuliwa, hutiwa wanga, ikarejea upya, na mvaaji akadumu nayo miaka.

Msala na mkeka wa ukindu nao vina taabu yake. Majani machanga hukatwa, huanikwa juani, huchanwa, na mengine huchemshwa pamoja na rangi. Ndipo unaposukwa ukili, mwembamba na mrefu, unaopimwa kwa pima, halafu ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, akina mama hufukia makumbi ya nazi mchangani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Mjini, mafundi seremala bado huchonga milango na kutengeneza masanduku ya njumu, kazi zilizochangia sifa ya Mji Mkongwe hata UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000.

Basi ni jambo la kusikitisha kwamba mtu aliyetoa nguvu nyingi kuliko wote ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Mshonaji wa kijijini hana nauli ya kuja mjini kila mara, wala hana mahali pa kuuzia. Humpa mchuuzi kofia yake kwa mali kauli, akangoja. Ikiuzwa, hulipwa bei ya mchuuzi. Isipouzwa, hurejeshewa imefifia kwa jua la dukani. Binti yake akiyaona hayo huiweka sindano chini akatafuta kazi nyingine, wala hatuwezi kumlaumu. Ufundi haufi kwa sababu vijana ni wavivu. Hufa pale hesabu yake inapokataa.

Wapo watakaosema kwamba kofia ya mkono ni ghali. Ni kweli, na si kila mfuko unaiweza. Lakini zawadi za mkono si kofia peke yake. Kipepeo, kawa la kufunikia chakula, kifumbu cha kuchujia tui, upawa wa kifuu na kikapu cha sokoni ni vitu vya bei nafuu, na kila nyumba huvihitaji. Tena mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata mwezi Juni 2019. Ni ajabu basi kwamba kikapu cha ukili hakijarejea mkononi mwa kila mwenye kwenda sokoni.

Kwa upande wa Serikali, tunatoa shauri letu kwa heshima. Maofisi hutoa zawadi kwa wageni na mikoba kwa wajumbe wa mikutano; zawadi hizo na ziagizwe kwa mafundi wetu, mapema, na zilipwe taslimu siku ya kupokewa. Bidhaa zipigwe alama ya mahali zilipotengenezwa, ili mtalii anaponunua kinyago cha ndugu zetu wa Bara akijue kuwa ni cha Bara, na anaponunua msala wa Pemba ajue kuwa ni wa Pemba. Vyuo vya mafunzo ya amali viwaite mafundi wazee wakafundishe, hata kama hawana vyeti, maana cheti chao ni mkono. Na mabonde yanayoota mikindu yahifadhiwe, kwani ukindu ukikosekana, hapana shauri litakalosuka mkeka.

Mafundi nao wana wajibu wao. Mnunuzi aliyepewa ukili uliolegea au rangi inayochuja mara ya kwanza kuoshwa harudi tena, na lawama huwapata wote. Mwenye kutaka bei ya haki hana budi kutoa kazi ya haki. Vilevile tunawasihi wajikusanye katika vyama vya ushirika, kwani mshonaji mmoja hupangiwa bei na mchuuzi, bali washonaji ishirini huipanga wenyewe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kila mmoja wetu, raia na afisa, na aazimie kwamba katika zawadi atakazozitoa sikukuu hii, moja walau iwe imetengenezwa na fundi wa visiwa hivi, na anunue bila ya kumkandamiza bei. Nyumba ya mshonaji nayo ina watoto wanaongojea nguo mpya.