Shamba Moshi, kodi London: Sheria mpya ya Uingereza yabisha hodi kwenye mirathi ya nyumbani

MZAZI wa Rombo, Kisii au Tanga mwenye mtoto aliyehamia Uingereza miaka zaidi ya kumi iliyopita ana swali jipya la kujiuliza. Je, mtoto huyo akifariki dunia, serikali ya Uingereza inaweza kudai sehemu ya thamani ya nyumba na shamba alilonunua huku nyumbani?

Tangu tarehe 6 Aprili 2025, jibu ni kwamba inaweza. Haijalishi kwamba shamba hilo halijawahi kupeleka hata pauni moja London, wala kwamba hati yake imefungiwa kabatini kwa mama mzazi.

Kabla ya tarehe hiyo, sheria ya kodi ya mirathi ya Uingereza iliangalia zaidi "kwao" mtu ni wapi. Mtu aliyezaliwa Moshi na mwenye nia ya kurudi Moshi alihesabiwa kuwa wa Moshi, hata kama aliishi Birmingham. Kodi iligusa mali yake iliyoko Uingereza tu. Kinga hiyo iliondoka pale alipofikisha miaka 15 ya ukazi kati ya miaka 20 ya kodi.

Sasa habari ya "kwao" imeondolewa na kinachohesabiwa ni miaka. Mtu akiwa mkazi wa Uingereza kwa miaka 10 kati ya 20 ya kodi iliyotangulia, mali yake yote popote duniani inaingia kwenye hesabu. Nia ya kurudi nyumbani, hata iwe ya kweli namna gani, haina uzito tena.

Kwa Mtanzania au Mkenya jambo hili ni geni kidogo. Kenya ilifuta kodi ya aina hii mwaka 1982, na Tanzania haina kodi inayokata asilimia ya mali ya marehemu kwa sababu tu amefariki. Huku kwetu warithi wanahangaika na ada za mahakama, muhtasari wa kikao cha ukoo na safari za kufuatilia hati. Uingereza wameizoea kodi hiyo kwa sura moja au nyingine tangu mwaka 1894.

Kiwango chenyewe si kidogo: asilimia 40. Hata hivyo, haitozwi kwa mali yote. Pauni 325,000 za kwanza hazitozwi, na kiwango hicho hakijabadilika tangu Aprili 2009 ingawa bei za nyumba zimepanda sana. Nyumba ya kuishi ikienda kwa watoto au wajukuu wa marehemu, inaongezwa nafuu ya hadi pauni 175,000. Ndiyo maana Waingereza wengi hufariki bila warithi wao kulipa chochote. Wanaolipa ni karibu watano tu kati ya kila mia. Kinachoweza kumtumbukiza mhamiaji wa kawaida katika hao watano ni kujumlishwa kwa nyumba ya huko na mali ya huku.

Hesabu ya mfano

Chukua mfano wa kubuni wa mfanyabiashara mdogo aliyehamia Uingereza mwaka 2013, aliyeachana na mwenzi wake na mwenye watoto wawili. Nyumba yake ya huko, baada ya kutoa deni la benki, ina thamani ya pauni 330,000. Akiba yake ni pauni 50,000. Moshi amejenga vyumba vya kupangisha na amenunua shamba, vyote vikiwa na thamani ya pauni 150,000.

Angefariki kabla ya Aprili 2025, hesabu ingekuwa ya pauni 380,000 tu. Kwa kuwa nyumba inakwenda kwa watoto, nafuu zake mbili zinafika pauni 500,000, hivyo kodi ingekuwa sifuri.

Kwa sheria ya sasa hesabu ni pauni 530,000. Zinazozidi ni 30,000, na asilimia 40 yake ni pauni 12,000. Kwa makisio mepesi ya shilingi 3,000 kwa pauni, hizo ni shilingi milioni 36 za Tanzania. Sheria inaruhusu kupunguza deni, gharama za mazishi, na hata gharama za ziada za kusimamia mali iliyoko nje hadi asilimia 5 ya thamani yake, lakini bili haifutiki.

Halafu ipo pensheni. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2027, fedha za mfuko binafsi wa pensheni ambazo mtu hajazitumia zinaingizwa kwenye mali yake anapofariki. Bwana huyu akiwa na pauni 90,000 katika mfuko wa namna hiyo, kiasi kinachotozwa kinapanda hadi 120,000 na kodi inafika pauni 48,000. Kwa makisio yale yale, hizo ni shilingi milioni 144.

Fedha hizo zinatakiwa ndani ya muda mfupi. Kodi inaiva mwishoni mwa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo, na baada ya hapo riba inaanza kutembea. Isitoshe, mahakama ya Uingereza haitoi kibali cha kusimamia mirathi mpaka kodi, au awamu yake ya kwanza, iwe imelipwa. Sehemu inayotokana na nyumba na ardhi inaweza kulipwa kwa awamu kumi za kila mwaka, lakini kwa kawaida kuna riba, na mali ikiuzwa salio lote linadaiwa. Familia isiyo na fedha taslimu ndiyo inayojikuta inauza shamba kwa bei ya mwenye shida, wakati msimamizi wa mirathi upande wa Tanzania hajapata hata barua ya kuteuliwa.

Wakulima wa huko nao waliingia barabarani

Wapo watakaosema mkulima hutazamwa kwa jicho la huruma kila mahali. Uingereza kweli ilikuwa hivyo: tangu mwaka 1992 ardhi nyingi ya kilimo ilirithiwa bila kodi hata iwe na thamani gani. Tarehe 30 Oktoba 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia 6 Aprili 2026 nafuu kamili ingeishia kwenye pauni milioni 1 za kwanza za mali ya kilimo na biashara, na zinazozidi zitozwe kwa nusu ya kiwango, yaani asilimia 20. Wakulima walifurika London mwezi uliofuata, na matrekta yakaonekana mitaani zaidi ya mara moja. Hoja yao ilikuwa kwamba mkulima anaweza kuwa tajiri wa ardhi na maskini wa fedha, jambo ambalo mkulima yeyote wa Kilimanjaro analielewa bila kufafanuliwa.

Serikali ilirudi nyuma. Desemba 2025 ilitangaza kupandisha kiwango hicho hadi pauni milioni 2.5, na mwenzi aliyebaki anaweza kutumia sehemu ambayo marehemu hakuitumia. Kodi inayobaki kwenye mali hizo italipwa kwa miaka kumi bila riba.

Lakini mwenye kihamba asifurahi mapema. Nafuu ya ardhi ya kilimo imewekewa mpaka: tangu 6 Aprili 2024 ni kwa ardhi iliyoko Uingereza tu. Migomba na kahawa ya Moshi haimo. Kinachoweza kumsaidia ni nafuu ya biashara, ambayo haiangalii nchi. Duka au kilimo ambacho mwenyewe anakiendesha kama biashara, na amekimiliki kwa angalau miaka miwili, kinaweza kufuzu. Vyumba vya kupangisha havifuzu, kwa sababu vinahesabiwa kuwa kitega uchumi. Kwa hiyo watu wawili wenye mali ya thamani ile ile, mmoja akiwa na mashine ya kukoboa na mwingine akiwa na nyumba ya wapangaji, wanaweza kuacha bili tofauti kabisa. Ni jambo la kuangaliwa kabla ya kuamua fedha za kutoka nje zijenge nini, ingawa ingekuwa kichekesho mtu kufungua mashine ya hasara ili tu kukwepa kodi.

Njia inayofikiriwa na wengi ni kugawa mali mapema. Zawadi kwa mtoto au ndugu inatoka kwenye hesabu ikiwa mtoaji ataishi miaka saba baada ya kuitoa. Tatizo ni namna tunavyotoa. Baba "anampa" mwanawe nyumba ya Moshi, lakini kodi ya pango inaendelea kuingia kwenye simu ya baba. Kwa sheria ya Uingereza hiyo si zawadi. Mali bado ni yake hata ipite miaka ishirini. Zawadi iwe ya kweli, yenye maandishi, na manufaa yahame pamoja na mali.

Shamba kuandikwa jina la kaka nako hakutoshi. Kinachoulizwa ni nani mwenye mali halisi, nani aliyetoa fedha na nani anayekula matunda. Kama kaka ni jina tu, kodi inamfuata aliye London. Kama ni zawadi kwa kaka, basi aliye London hana tena cha kudai siku wakikosana. Watanzania waliochukua uraia wa Uingereza wanajua jinsi suala hili lilivyo na miiba, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikuruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Ndoa inahitaji uangalifu wa pekee. Kinachokwenda kwa mume au mke hakitozwi kodi, lakini mwenzi asiye mkazi wa muda mrefu wa Uingereza, mathalani mke aliyebaki Tanga, ana ukomo wa pauni 325,000, isipokuwa achague kuhesabiwa kama mkazi. Nikahi iliyofungwa msikitini Uingereza bila kusajiliwa serikalini haitambuliwi kuwa ndoa kwa ajili ya kodi hii. Na familia inayogawa kwa sheria ya Kiislamu ikumbuke kwamba mke mwenye watoto hupata thumuni. Msamaha wa mwenzi unagusa thumuni hilo tu. Saba ya nane inayobaki inaingia kwenye hesabu.

Wazee walioko vijijini nao wanahusika. Baba wa Rombo ambaye hajawahi kuishi Uingereza hatozwi kodi hii kwa shamba lake. Akimwachia mwanawe wa London, shamba linaingia kwenye mali ya mwana huyo na litahesabiwa siku yake ikifika. Akiliacha moja kwa moja kwa wajukuu au kwa mtoto anayelilima, linabaki nje. Hili linaweza kuzua maneno kwenye ukoo, hasa pale mila inapomtaja mrithi kwa nafasi yake ya kuzaliwa, na ni afadhali maneno hayo yasemwe mzee akiwa hai.

Mwenye mali nchi mbili mara nyingi hushauriwa kuandika wosia mbili, moja kwa kila nchi. Ushauri ni mzuri, ila upo mtego mdogo ulioharibu mirathi nyingi. Fomu nyingi za wosia huanza kwa kusema "nafuta wosia zangu zote za awali". Anayeandika wa Tanzania baada ya ule wa Uingereza, akaacha maneno hayo yapite, anaweza kuwa ameufuta wa kwanza bila kujua. Kila wosia utaje mali ya nchi ipi unaihusu.

Wanaopanga kurudi nyumbani wasidhani kodi inaishia uwanja wa ndege. Aliyekuwa mkazi kwa miaka 10 hadi 13 anaendelea kuhesabiwa kwa miaka mitatu baada ya kuondoka. Baada ya hapo kila mwaka wa ziada wa ukazi unaongeza mwaka mmoja, hadi miaka 10. Aliyeishi huko miaka 18, akarudi Tanga kulima machungwa, atabaki ndani ya wavu kwa miaka minane. Aweke kumbukumbu ya tarehe aliyoondoka, tiketi, barua ya mwajiri na taarifa aliyotuma kwa mamlaka ya mapato, mahali ambapo msimamizi wake wa mirathi ataweza kuzipata.