Takrima au Rushwa?

Takrima ni neno jema. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kumkirimu mtu na kumpa heshima. Walakini neno hili limepata kuvishwa rushwa ya uchaguzi.

Katika mwaka wa 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilibadilishwa, ikasema kwamba anachotoa mgombea kwa nia njema, kwa desturi ya ukarimu, hakihesabiwi kuwa rushwa. Basi mwenye kugawa pilau na khanga akapata la kujitetea. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilivibatilisha vifungu hivyo, kwa kuwa vilimpendelea mgombea tajiri juu ya maskini. Kisha mwaka wa 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayowahusu hata madiwani.

Sheria imekwisha kusema. Lakini bahasha huja usiku, na mlango unaobishwa ni wetu. Tutapambanuaje zawadi na rushwa?

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya sadaka. Aliporejea, alitenga sehemu akidai kuwa amezawadiwa yeye. Mtume akauliza mbele ya watu kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Kipimo hicho chatutosha. Mgombea huyu alikuwa wapi tulipofiwa? Ikiwa ukarimu wake huanza na kampeni na kwisha siku ya kura, basi hicho si zawadi, ni bei.

Na bei yenyewe ni duni! Tuseme mtu amepewa shilingi 5,000. Diwani hukaa miaka 5. Haifiki shilingi 3 kwa siku. Naye aliyetoa atataka kurudisha mali yake, na ataitafuta katika fedha za barabara, zahanati na madarasa ya watoto wetu. Tukimlalamikia, atatuona kuwa tumekwisha kulipwa.

Yafaa baba na mama wapatane mapema, na watoto wasikie. Mgombea akija, tumkaribishe kwa heshima, tumpe kahawa yetu, tumwulize habari za kisima na zahanati. Akiondoka, aondoke na bahasha yake. Takrima ni ya mwenye nyumba kwa mgeni wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali. Amin.