Je, wajua? Ukuta wa Mikindani huvuta hewa

Wengi wanaotoka Dar es Salaam kwa gari huipita Mikindani bila kusimama, kwa kuwa Mtwara imebaki kilomita 10 hivi. Wanajinyima. Mji huu mdogo, uliojibanza kwenye ghuba yenye mlango mwembamba, una nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe yaliyozaliwa baharini.

Sogea kwenye ukuta uliobanduka lipu. Utaona jiwe lenye vitundu vitundu na alama za matumbawe. Limechimbwa nchi kavu, lakini miaka ipatayo 125,000 iliyopita lilikuwa mwamba hai chini ya maji, bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Maji yaliposhuka mwamba ukabaki nje, na watu wa pwani, toka Lamu hadi Kilwa hadi huku, wakaujengea miji.

Kinachoyashika mawe hayo ni chokaa, na ajabu yenyewe iko hapa. Mafundi hupanga magogo, hurundika vipande vya matumbawe juu yake, kisha huwasha moto. Joto likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe huachia hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali inayounguza ngozi. Ukiimwagia maji huchemka yenyewe bila moto, hupasuka na kuwa unga laini. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza kudai kilichonyang'anywa na tanuri: huvuta hewa ya ukaa na polepole hurudi kuwa jiwe. Katika ukuta mnene kazi hiyo huchukua miaka mingi, ikianzia nje kuelekea ndani.

Juu hulazwa boriti za mikoko. Boriti iliyobebeshwa dari nzito ya mawe na chokaa haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba. Aliyepima chumba ni mkoko.

Utajiri wa bandari hii uliletwa na misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa: pembe za ndovu, na watu waliotekwa na kuuzwa. Anayesifu milango ya nakshi ya Mikindani asiwasahau. David Livingstone alifika hapa Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho barani. Wajerumani wakajenga Boma mwaka 1895, nalo lipo hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitafuta bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea, wakaichagua Mtwara kwa kina cha maji yake. Biashara ikahama.

Siku hizi kiwanda kikubwa cha saruji kiko Msijute, mkoani humu humu. Saruji nayo hutokana na mawe ya chokaa, yakichomwa pamoja na udongo hadi nyuzi 1,450 hivi. Lakini saruji hushikana kwa maji, wala haingoji hewa, na lipu yake huziba unyevu. Nyumba mpya inaihitaji. Ukuta wa kale unaumizwa nayo. Unyevu wenye chumvi unaopanda kutoka ardhini ulizoea kutokea kwenye lipu ya chokaa. Ukizibiwa njia hukwama ndani, chumvi hufanya fuwele, fuwele husukuma, na lipu huanguka pamoja na vipande vya jiwe. Mwenye nyumba akiona ufa huongeza saruji, na ugonjwa huzidi.

Dawa ni chokaa, ila si ya matumbawe hai. Hayo yamekuwa yakivunwa ghubani Mikindani kwa ajili ya tanuri, na kila yanapong'olewa samaki hukosa makazi. Kusini zaidi, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, inalinda miamba ya aina hiyo hiyo. Jiwe la nchi kavu hutoa chokaa ile ile.

Mwenye nyumba ya kale aanzie chini, unyevu unakopandia. Abandue saruji taratibu, aache ukuta ukauke kiangazi chote, kisha apake chokaa na mchanga kwa matabaka membamba. Kila tabaka alikinge na jua na kulinyunyizia maji siku za mwanzo, maana chokaa iliyokauka upesi hukosa nafasi ya kuvuta hewa, ikabaki vumbi.