Mizani ya Marejeo: Kutoka Mawe ya Kabanga hadi Chembe za Geneva

Mchango wa mwanasayansi siku hizi hupimwa zaidi kwa namba mbili, nazo ni idadi ya makala alizochapisha katika majarida ya kitaalamu na idadi ya marejeo, yaani mara ambazo watafiti wengine wamezitaja makala hizo katika kazi zao. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, aliziunganisha namba hizo katika kipimo kiitwacho h: mtafiti mwenye makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, huku nyingine zikiwa hazijafikia kiwango hicho, ana h ya 20. Kwa kuwa vyuo vikuu vingi hukitazama kipimo hiki vinapoajiri, vinapopandisha vyeo na vinapogawa fedha za utafiti, kinamgusa hata kijana wa Ngara au Biharamulo anayesoma fizikia kwa nia ya kuwa mtafiti.

Hakuna taaluma inayoonyesha udhaifu wa kipimo hiki waziwazi kama fizikia ya chembe, ambayo huchunguza vitu vidogo kuliko atomu. Mtambo wake mkubwa kuliko yote, wenye mzingo wa kilomita 27, umejengwa chini ya ardhi karibu na Geneva katika kituo cha CERN, na kila jaribio kubwa linalofanyika humo huhitaji maelfu ya watu: wanaounda vigunduzi, wanaoandika programu za kompyuta, wanaochambua takwimu. Wengi wao huandikwa kuwa waandishi wa makala, kwa kawaida kwa mpangilio wa alfabeti. Makala ya mwaka 2015 iliyotoa kipimo cha pamoja cha uzito wa chembe ya Higgs, ambayo kupatikana kwake kulitangazwa tarehe 4 Julai 2012, ilikuwa na waandishi 5,154, na kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilijaa majina na taasisi zao. Makala ya namna hiyo ikirejelewa mara elfu moja, kila mmoja wao huandikiwa elfu nzima, aliyebuni njia ya uchambuzi na aliyejiunga na kundi karibuni wakiwa sawa.

Hii haimaanishi kwamba kazi hiyo ni ya bure, bali kwamba sehemu kubwa ya mchango wa mtu hubaki nje ya hesabu. Ketevi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo anayefanya kazi katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani na ambaye ni mmoja wa watafiti wa jaribio la ATLAS huko CERN, ni miongoni mwa waasisi wa Shule ya Fizikia ya Afrika iliyoanza mwaka 2010 na kufanyika Kigali mwaka 2016, ng'ambo tu ya mpaka wa Rusumo kwa mtu wa Ngara. Hakuna h inayowahesabu vijana waliofunzwa katika shule hiyo, ingawa huenda wao ndio matunda yatakayodumu zaidi.

Taaluma nazo hazilingani. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, imo katika miamba yenye umri wa takriban miaka bilioni 1.4, na Wolfgang Maier na wenzake wachache waliieleza katika makala zilizotoka mwaka 2010 katika jarida la Mineralium Deposita. Wanaochunguza nikeli ya aina hiyo ni wachache duniani, kwa hiyo marejeo yao hayawezi kufikia wingi wa yale ya Geneva hata kazi ingekuwa bora kiasi gani, na kuwashindanisha watu wa nyanja hizo mbili kwa namba moja ni dhuluma.

Tena, kurejelewa si kukubaliwa. Erasto Mpemba, aliyeona akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa, alichapisha makala mwaka 1969 pamoja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden waliirejelea wakipinga kwamba jambo hilo hutokea kwa maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha jambo linalofanana nalo kwa chembe ndogo zilizoelea majini. Hesabu huyaweka marejeo yote hayo katika kapu moja.

Mpemba aliishia kuwa ofisa wa wanyamapori, na kwa makala hiyo moja ya fizikia asingeweza kupata h inayozidi 1. Kamati zinazochagua wahadhiri na wanafunzi wa kufadhiliwa zinapaswa kuisoma kazi yenyewe, na kumuuliza mwombaji ni sehemu ipi aliyoifanya kwa mkono wake.