Siku ya Mvua Ifakara

Masika yakikukuta Lipangalala, usijifungie ndani mchana kutwa. Chukua mwavuli, uende Ifakara sokoni.

Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga na samaki. Ingia kwa mama lishe, uagize wali kwa kambale au perege wa mtoni. Chakula kinaletwa moto. Mchuzi unafuka mvuke, na mvua inapiga bati juu ya kichwa chako. Kula polepole. Siku kama hiyo, wali wa hapa una utamu wa pekee!

Ukishiba, nenda Kivukoni ukautazame Mto Kilombero. Wakati wa masika hufurika na kuenea mbugani. Zamani watu wa Mahenge na Malinyi walivuka hapa kwa pantoni. Hali ikiwa mbaya, walingoja. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya Ifakara naye alingoja. Januari 2016 pantoni ilipinduka kwa upepo na mvua, ikiwa na abiria na magari. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lilifunguliwa. Urefu wake ni mita 384. Sasa maji yanapita chini, na watu wanapita juu.

Lakini kabla ya kurudi Lipangalala, uliza habari za Mto Lumemo. Ukifurika, maji huingia mpaka majumbani. Ukiona maji yanapita juu ya barabara, usivuke, hata kama yanaonekana machache. Ngoja yapungue. Wali wa jioni utapashwa moto.